Simu imegoma kwenye logo: angalia inapokwamia kabla hujafuta kitu

Mama mmoja muuza chapati alinijia kibandani asubuhi, simu ameifunga kwenye leso. "Mwanangu, inawaka, inaandika jina lake, inazima. Inawaka tena. Usiku kucha imefanya hivyo mpaka chaji ikaisha." Alishapita kwa fundi mwingine, akaambiwa dawa ni kufuta kila kitu. Ikafutwa, na ikaendelea vilevile. Humo ndani mlikuwa na picha za mahafali ya binti yake, na nakala hakuwa nayo popote.

Nilivua kava. Kwenye ufa unaozunguka kitufe cha kuwashia palikuwa na unga uliochanganyika na mafuta, umekauka na kuwa mgumu kama gundi. Kitufe kilikuwa kimezama hakirudi juu, na simu ilikuwa inaelewa kwamba kuna mtu amekibonyeza muda wote. Mswaki mkavu, kipamba chenye spiriti kidogo, dakika kumi za kuchokonoa taratibu. Simu ikawaka hadi mwisho. Picha hazikurudi.

Naandika haya kwa ajili ya simu kama ile. Simu inayokwama wakati wa kuwaka ina sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo unaweza kuzimaliza bila kupoteza hata picha moja, mradi uanze kwa kutazama kabla ya kubonyeza.

Inasimama wapi?

Simu ikiwashwa haiamki yote kwa mpigo. Ndani ya chipu kuu kuna programu ndogo iliyowekwa humo kiwandani, haibadiliki. Hiyo inaita ya pili, ambayo mafundi tunaiita butiloda. Butiloda ndiyo inayochora logo ya kwanza, ile iliyotulia tuli, mara nyingi ikiwa na maneno "Powered by Android" chini yake. Butiloda ikiridhika kwamba mfumo haujachezewa, inaita kiini cha mfumo, yaani kerneli, nacho kinaamsha hifadhi, skrini na vifaa vingine. Baada ya hapo Android yenyewe inaanza, na hapo ndipo logo inapoanza kucheza: herufi zinametameta, rangi zinapita, duara linazunguka. Mwisho inakuja skrini ya kufuli, na nyuma yake programu zako.

Kwa hiyo logo iliyotulia na logo inayocheza ni habari mbili tofauti kabisa. Simu ikifika kwenye logo inayocheza, jua kwamba bodi, skrini na sehemu kubwa ya hifadhi vinafanya kazi. Tatizo mara nyingi liko kwenye programu au mafaili. Ikifia kwenye logo iliyotulia, tatizo liko chini zaidi: mfumo wenyewe, hifadhi, umeme au bodi. Washa simu, iweke mezani, itazame mizunguko miwili mitatu bila kuigusa. Hesabu sekunde. Ukienda kwa fundi ukamwambia "inafika logo inayocheza, inakaa kama dakika moja, inatetemeka, inaanza upya", umeshamfanyia nusu ya kazi.

Mambo ya kufanya kwanza, simu yoyote ile

Toa laini uiweke kwenye simu nyingine, hata kitochi. Watu wengi wanaingia na hofu machoni wakidhani hela zao zimekwama na simu. Hazijakwama. Pesa za M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa ziko kwenye akaunti ya namba yako huko kwenye mtandao, na ukipiga *150*00# au menyu ya mtandao wako kwenye kitochi utazikuta. Ukishatulia kuhusu hela, unapata subira ya kuishughulikia simu, na subira ndiyo inayookoa picha.

Toa na memori kadi. Kadi iliyoharibika inaweza kuikwamisha simu inapojaribu kuisoma wakati wa kuwaka. Nimeona simu ikigoma siku tatu, kadi ikatolewa, ikawaka hapohapo. Ila kama uliiunganisha kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani: hapo imefungwa kwa simu hiyo moja tu na haisomeki kwingine, kwa hiyo itunze vizuri na uirudishe baadaye.

Vua kava. Bonyeza kila kitufe cha pembeni mara kumi hivi, usikie kama kinalia tiki na kurudi juu. Kitufe cha kuwashia kilichokwama kinaifanya simu ijizime na kuwaka bila kikomo. Kitufe cha sauti kilichokwama kinaifanya iingie yenyewe kwenye menyu nyeusi yenye maandishi madogo, kila ukiwasha. Ukiiona menyu hiyo bila kuiita, shuku kitufe kabla ya kushuku kitu kingine.

Kisha chaji. Tumia chaja unayoiamini na waya mzima, uiache nusu saa bila kuigusa, ndipo ujaribu kuiwasha ikiwa bado kwenye umeme.

Mwisho, izime kwa nguvu. Kwenye Samsung bonyeza kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia kwa zaidi ya sekunde 7. Kwenye simu nyingine nyingi za Android, shikilia cha kuwashia peke yake mpaka sekunde 30. Hii haifuti chochote, na wakati mwingine ndiyo tiba yenyewe.

Inawaka na kuzima ndani ya sekunde chache

Kama vitufe viko sawa, mshukiwa ni betri. Simu inapowaka inavuta umeme mwingi kwa ghafla kuliko ikiwa imetulia. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha asilimia 40, lakini ikivutwa hivyo umeme wake unaporomoka na simu inakata. Kipimo chake ni rahisi: chomeka chaja, washa. Ikipita vizuri ikiwa kwenye chaja, halafu ikafa muda mfupi baada ya kuchomoa, betri ndiyo iliyokwisha.

Ila tazama na mgongo wa simu. Kama umevimba, au skrini imeanza kuinuka pembeni, usiichaji tena hata dakika moja wala usiibonyeze irudi. Ipeleke ikabadilishwe.

Wakazi wa pwani waangalie na tundu la chaji. Unyevu na chumvi ya hewa vinaweka kutu ya kijani humo ndani, na tundu likipitisha umeme mahali pasipotakiwa simu inaweza kujiwasha na kujizima.

Inakwama kwenye logo iliyotulia

Jiulize kitu gani kilitokea mara ya mwisho ilipofanya kazi. Ilianguka? Iliingia maji? Kulikuwa na sasisho linaendelea, umeme ukakatika au chaji ikaisha katikati? Kuna mtu aliiflashi, yaani aliiwekea mfumo upya kwa kompyuta?

Sasisho lililokatika halimaanishi simu imekufa. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu nyingi zimetengenezwa kushika nakala mbili za mfumo. Moja ikigoma mara kadhaa, simu inarudi yenyewe kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo iache kwenye chaja ijaribu mizunguko kadhaa bila kuikatiza.

Ilianguka au iliingia maji? Hapa maelezo ya mtandaoni yana mwisho. Chipu zimeshikizwa kwenye bodi kwa vitone vidogo vya risasi, na kimoja kikiachia simu inakwama palepale kila mara. Wakati mwingine haihitaji hata kuanguka: LG ilikiri Januari 2016 kwamba simu zake za G4 zilizokuwa zikizunguka bila kuwaka zilikuwa na mguso uliolegea kati ya vipuri vya ndani. Dalili ninayoiamini ni simu inayowaka ikiwa baridi, kisha inagoma ikipata joto, au inayowaka ukiibana mahali fulani. Tafadhali usiipashe moto kwa kikaushia nywele kama baadhi ya video zinavyofundisha. Ikiwaka itawaka kwa siku mbili, na ukarabati wa baadaye unakuwa mgumu zaidi.

Kuna na hifadhi iliyochoka. Chipu ya hifadhi ina kikomo cha kuandikwa, na kwenye simu za bei ya chini zilizotumika miaka mingi kikomo hicho kinafika. Kabla ya kufa simu huwa nzito kwa wiki kadhaa, picha nyingine hazifunguki, programu zinajifunga. Kwenye menyu ya ukarabati nitakayoieleza hapa chini utaona mistari kama "failed to mount /data", yaani simu imeshindwa kuifungua sehemu inayotunza vitu vyako. Simu ya namna hiyo ikikubali kuwaka hata mara moja, toa picha kwanza, mengine baadaye.

Logo inacheza bila mwisho

Hili ndilo ninalolipokea zaidi, na hapa ndipo watu wanapopoteza vitu vyao bure.

Kama umetoka kuweka sasisho kubwa, subiri. Baada ya sasisho simu inapanga upya programu zako zote, na kwenye simu yenye uwezo mdogo inaweza kuchukua dakika 15, hata nusu saa. Ikiwa ya uvuguvugu mkononi na logo inaendelea kucheza bila kukatika, inafanya kazi. Ukiizima hapo unaanzisha tatizo ambalo halikuwepo.

Kama hakukuwa na sasisho, kumbuka nafasi. Mfumo unahitaji kuandika mafaili yake kila unapowaka. Simu ya GB 32 iliyojaa video za magrupu ya WhatsApp mpaka tone la mwisho inakosa mahali pa kuandika, inashindwa, inaanza upya. Mwenye simu atakwambia, "Ilikuwa inaniandikia hifadhi imejaa, nikawa naondoa ule ujumbe tu."

Au kuna programu moja iliyoharibika. Hilo linawapata hata wakubwa. Oktoba 2024, sasisho la programu moja ya Samsung yenyewe, ya mfumo wa SmartThings, liliziingiza simu nyingi za Galaxy S10 na Note 10 kwenye mzunguko huu. Na Juni 2020, picha moja tu ya ziwa na milima ya Montana, Marekani, ikiwekwa kuwa mandhari ya skrini kwenye baadhi ya simu za Android 10, ilizizuia kuwaka, kwa sababu rangi zake zilihifadhiwa kwa namna ambayo mfumo haukuitarajia na hesabu zake zikavuka mpaka. Simu zile bodi zake zilikuwa nzima kabisa.

Cha kujaribu ni hali salama, ambayo inawasha simu bila programu ulizopakua mwenyewe. Washa simu; logo inapotokea, shikilia kitufe cha kupunguza sauti na usikiachie mpaka imalize kuwaka. Inafanya kazi kwenye Samsung, Pixel na simu nyingine nyingi za Android. Usipofanikiwa mara ya kwanza, rudia hata mara tano, maana muda wa kubonyeza ni wa kuvizia. Ukiingia, pembeni chini ya skrini utaona maneno ya hali salama. Fanya haya kwa mpangilio huu: hamisha picha kwa waya kwenda kwenye kompyuta, futa video kubwa mpaka upate walau GB 3 au 4, ondoa programu ya mwisho kuiweka, hasa ile uliyoipata nje ya Play Store. Ndipo uwashe kawaida.

Hali salama ikigoma, ingia menyu ya ukarabati, ile inayoitwa rikavari. Izime simu, kisha bonyeza pamoja kitufe cha kuongeza sauti na cha kuwashia, uachie logo ikitokea. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Tecno, Infinix, Xiaomi na nyingine nyingi. Ikikuletea roboti aliyelala na maneno "No command", shikilia cha kuwashia na ugonge mara moja cha kuongeza sauti, menyu itafunguka. Samsung za miaka ya karibuni zinadai ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, bila hivyo unaweza kubonyeza mpaka vidole viume. Na kama Samsung yako haizimiki kwa sababu inazunguka, shikilia kupunguza sauti na kuwashia. Mara tu skrini inapokuwa nyeusi, hamisha kidole haraka kwenda kuongeza sauti.

Ndani ya menyu unatembea kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa kitufe cha kuwashia. Tafuta "Wipe cache partition". Inafuta mafaili ya muda tu, picha zako haizigusi. Kwenye Samsung mpya kuna pia "Repair apps", nayo ni salama. Lakini soma taratibu: "Wipe cache partition" na "Wipe data/factory reset" zimekaa jirani, mstari mmoja juu ya mwingine. Ya pili inafuta kila kitu. Nimeona mtu kidole kikiteleza mbele ya macho yangu, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Simu nyingi mpya hazina kabisa mstari wa cache. Usipouona, usichague ule unaofanana nao.

Ikikuandikia "Can't load Android system"

Android tangu toleo la 8 inajigundua yenyewe ikianguka mara nyingi mfululizo. Ikishindwa kujitibu, inakuletea ujumbe kwamba haiwezi kupakia mfumo na huenda data zimeharibika, na inakupa njia mbili: "Try again" na "Factory data reset". Chagua ya kwanza. Ichague tena na tena, kadi ikiwa nje, chaja ikiwa ndani, hata baada ya simu kupumzika usiku mzima. Ujumbe ule unasema "huenda". Usiuchukue kama hukumu.

iPhone

Kwa iPhone 8 na za baada yake: gonga kuongeza sauti, gonga kupunguza sauti, kisha shikilia kitufe cha pembeni mpaka tufaha litokee. Ikiendelea kukwama, ichomeke kwenye kompyuta na urudie hivyohivyo, lakini usiachie tufaha likitokea. Endelea mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakuuliza "Update" au "Restore". Chagua "Update": inaweka iOS upya bila kugusa data. Upakuaji ukizidi dakika 15 simu inatoka kwenye hali hiyo; acha upakuaji umalizike, ndipo uiingize tena. Wenye intaneti ya bando watakutana na hili.

iPhone inayowaka vizuri kisha kujizima kila baada ya dakika 3 hivi ni ugonjwa mwingine. Mfumo unasubiri taarifa kutoka kwa kihisi fulani, mara nyingi cha joto, usipoipata unajizima. Kihisi hicho huwa kwenye waya bapa wa tundu la chaji, wa kitufe cha kuwashia, au kwenye betri. Uliza kama kuna kilichobadilishwa karibuni. Kufuta simu hakutasaidia kitu.

Ukifika kwa fundi, au kwenye kufuta

Ukiwa umejaribu yote, inabaki kuflashi, yaani kuweka mfumo upya kwa kompyuta. Hapa usikabidhi simu na kuondoka. Uliza, "Utaiflashi kwa njia ya kubakiza data?" Fundi anayejua hatachukia.

Kwa Samsung kuna faili la mwisho linalowekwa kwa majina mawili: CSC linafuta data, HOME_CSC linabakiza. Data zinaokolewa au kupotea kwa tofauti ya neno hilo. Na mfumo unaowekwa usiwe wa butiloda ya toleo la chini kuliko iliyomo, kwa maana simu itaukataa. Kwa simu zenye chipu za MediaTek, ambazo ni Tecno na Infinix nyingi, programu ya kuflashia ina "Download Only", ambayo ikitumiwa kwa mfumo sahihi bila kugusa sehemu ya data inaweza kubakiza vitu vyako, na "Format All + Download", ambayo inafagia vyote pamoja na sehemu inayotunza IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Hii ya pili ndiyo inayokuachia simu inayowaka lakini haishiki mtandao.

Usimwamini anayesema atafuta sasa na kurudisha picha baadaye. Simu za leo zinahifadhi data kwa kuzifunga kwa ufunguo uliomo ndani yake, na ukifuta, ufunguo huo unafutwa. Kilichobaki kwenye chipu hakisomeki na mtu yeyote.

Kabla ya kukubali kufuta, hakikisha unaikumbuka akaunti ya Google iliyokuwemo na neno lake la siri. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kupitia menyu ya ukarabati inaidai akaunti ya mwanzo kabla ya kukufungulia. iPhone inadai ya Apple. Jaribu kuingia kwenye akaunti hiyo kwa simu nyingine kwanza, ukiwa na simu yako mkononi. Kama uliinunua mkononi mwa mtu na akaunti bado ni yake, mtafute kabla hujafuta. Ukiwa kwenye akaunti yako angalia pia kama Google Photos ilikuwa inapandisha picha, na kama WhatsApp ilikuwa na nakala huko. Nakala ya WhatsApp iliyo ndani ya simu itaondoka na vingine vyote.

Simu ikirudi kutoka kwa fundi, kabla hujalipa, piga *#06#. Linganisha tarakimu 15 za IMEI na zilizoandikwa kwenye boksi lake au kwenye risiti. Kwa walio Tanzania, itume namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 usome jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ambayo tangu Juni 2016 huzifungia mtandao simu zenye IMEI bandia. Namba ikiwa tofauti, au skrini ikikuletea sifuri tupu, mwambie fundi hapohapo mkiwa wote mmesimama mezani, kompyuta yake ikiwa bado imewashwa.